Kabla ya kukereza chuma, uliza kwanza kitafanya kazi gani

KINDU – Katika komini ya Mikelenge kuna mashine ndogo ya kukereza chuma ambayo inaenea juu ya meza moja tu. Mafundi waliosomea kazi kwa Kifaransa wanaiita tour. Inashika kipande cha chuma na kukizungusha, halafu kisu kinakipunguza kidogo kidogo mpaka kipate umbo linalotakiwa. Mwenye mashine ni fundi aliyepita miaka hamsini. Anafanyia kazi nyumbani kwake, na wateja wake ni watu wa kawaida wa mji: wenye kinga, wamotari, wenye mashine za kukoboa mpunga na kusaga muhogo, na watu wa mitumbwi ya injini inayovuka Lualaba kwenda Alunguli.

Siku hizi kati ya wateja wake wamo pia wakimbizi wa ndani, familia zilizohama vijiji vyao kwa sababu ya vita. Wengi wamefika mikono mitupu. Wachache walikuja na kitu cha kutafutia chakula: cherehani, pampu ya maji, kinga ya kubebea mizigo. Kitu hicho kikiharibika, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo pete ndogo ya chuma au shafti ya urefu wa mkono inaweza kuwa jambo kubwa kwa watu wanane au kumi.

Fundi huyo ana kanuni moja. Hawashi mashine kabla ya kujua mambo mawili: chuma alicholetewa ni cha namna gani, na kile kitu kitafanya kazi gani kikiisha. Wateja wengi wanaona kwamba anachelewesha kazi. Lakini wale waliowahi kulipa mara mbili kwa kitu kimoja wanamwelewa.

Shafti ya akina mama

Mfano mzuri ni kazi aliyoletewa na akina mama waliotoka upande wa Shabunda. Walichanga feza kidogo kidogo, wakanunua mashine ya kusaga iliyokwisha kutumika. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kuisimamia na kupokea feza ya wanaokuja kusagisha. Siku moja shafti inayobeba puli ikavunjika. Walimletea fundi vipande viwili vya ile shafti, pamoja na nondo waliyoinunua sokoni, ile ya kujengea nyumba, yenye mistari ubavuni.

– Papa fundi, utukatie kwa hii. Wametuambia ni laini, haitachosha mashine yako.

– Ni kweli, mama. Hii itakatika kwa urahisi kwangu. Lakini itakatika kwa urahisi kwenu pia.

Akina mama hawakufurahi. Nondo walikuwa wamekwisha kuilipia. Kijana mmoja, naye mkimbizi, ambaye anajifunza kazi kwa fundi huyo, aliuliza kwa nini chuma rahisi kukereza kisitumike, kama mashine ni ndogo na petroli ya jenereta ni ghali. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo linalofaa kujulikana na kila mtu anayepeleka kitu kwa fundi.

Chuma rahisi ni chuma gani?

Kila chuma cha kazi ni mchanganyiko. Ndani yake mna kaboni, ile ile iliyo katika makala ya kupikia. Kaboni ikiwa kidogo, chuma ni laini na kinapindika. Ikiongezeka, chuma kinakuwa kigumu na kinaweza kukomazwa kwa moto na maji au mafuta. Ikizidi mno, kinavunjika kama chungu.

Watu wengi wanafikiri kwamba kadiri chuma kinavyokuwa laini, ndivyo kinavyokerezwa vizuri. Si hivyo kabisa. Chuma laini mno kinanata kama ugali wa moto. Kinajibandika kwenye ncha ya kisu, kinatoa nyuzi ndefu badala ya vipande vifupi, na uso wa kazi unabaki umechanika. Chuma kigumu mno nacho kinamaliza kisu. Kilicho rahisi kiko katikati, au kimetengenezwa makusudi kiwe rahisi.

Viwandani kuna chuma cha namna hiyo. Kinatiwa salfa, na wakati mwingine risasi, yaani yale madini mazito na laini. Salfa inaungana na manganizi ndani ya chuma na kufanya chembe ndogo sana zinazokatisha yale mabaki yanayotoka kisuni, ambayo maseremala wanayaita maranda. Maranda yanatoka mafupi na kuanguka yenyewe. Risasi inateleza kati ya kisu na chuma kama mafuta. Huko Ulaya chuma hicho kinaandikwa 11SMnPb30. Maandishi hayo yanasomeka: kaboni ni kama sehemu 0.11 katika mia, kuna salfa, manganizi na risasi, na salfa ni karibu sehemu 0.30 katika mia. Huko Marekani ndugu yake anaitwa 12L14.

Wamarekani wana kipimo chao cha urahisi wa kukereza. Chuma kinachoitwa 1212 kimepewa alama 100, na vingine vinalinganishwa nacho. Kile chenye risasi kinapita 150. Chuma laini cha kawaida kinapata kama 70. Chuma cha kaboni ya kati, ambacho mafundi wa zamani wanakijua kwa jina la XC48 na vitabu vya leo vinaita C45, kinapata karibu 57. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria na masinki, kiko karibu 45. Alama hizo si amri, ila zinaonyesha kwa nini kazi moja inachukua nusu saa na nyingine inachukua asubuhi nzima.

Lakini urahisi huo una bei yake. Zile chembe za salfa zinazokatisha maranda ni kama nyufa ndogo ndani ya chuma. Kwa kitu kinachokaa tu, mfano mpini wa chombo, kitufe, pete ya kutenganisha magurudumu, hakuna shida. Kwa kitu kinachopigwa, kinachopindwa na kuzunguka siku nzima chini ya mzigo, ufa unaweza kuanzia hapo. Tena chuma cha salfa hakipendi kuchomelewa. Mshono wake unapasuka ukiwa bado wa moto. Na kile chenye risasi kikichomelewa kinatoa moshi wenye sumu. Kindu, ambako karibu kila kitu kinaishia kwa mchomeleaji siku moja, hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo kanuni ya fundi inapotoka. Kwanza anauliza kitu kitabeba nini. Kisha, kati ya vyuma vyote vinavyoweza kubeba mzigo huo, anachukua kile kilicho rahisi kuliko vyote kukereza. Anayeanza na urahisi anampa mteja kitu kizuri cha kutazama. Anayeanza na mzigo anampa kitu cha kufanyia kazi.

Kusoma mahali palipovunjika

Kabla ya kutafuta chuma kingine, fundi alitazama vipande viwili vya shafti ya akina mama. Mahali pa kuvunjika palikuwa na sura mbili. Sehemu moja ilikuwa laini, na mistari iliyopinda kama ya ganda la konokono. Sehemu nyingine ilikuwa na chembe chembe kama sukari. Maana yake, shafti haikuvunjika kwa siku moja. Ufa ulianza pembeni, ukatembea taratibu siku nyingi, na sehemu iliyobaki iliposhindwa kubeba mzigo ikakatika ghafula.

Ufa ulianzia pale shafti inapobadilika kutoka unene mmoja kwenda mwingine. Aliyeitengeneza mwanzo alikata kona kali kabisa, kama kona ya sanduku. Kona kali inakusanya nguvu zote mahali pamoja. Kona ya mviringo, hata ya milimita mbili tu, inazitawanya. Kwa hiyo hata chuma bora kingevunjika tena kama kona ingebaki vile vile. Kijana anayejifunza alipewa kile kipande akitunze, kwa sababu kinafundisha kuliko maneno.

Mitraye ndiyo duka

Mtu anayesoma vitabu vya ufundi atakuta ushauri wa kununua chuma kipya chenye karatasi ya kiwanda. Kindu ushauri huo ni mgumu kufuata. Treni ya SNCC kutoka Lubumbashi haina siku ya hakika. Barabara ya kwenda Bukavu ni mbaya hata wakati wa amani. Uwanja wa ndege wa Goma, ambao ulikuwa mlango wa bidhaa nyingi, ulifungwa mwezi wa Januari 2025 vita ilipoingia mjini. Basi duka la fundi ni mitraye, yaani vyuma chakavu, na kazi yake ni kujua kila kipande kilitoka wapi. Chuma ambacho historia yake inajulikana kina thamani kuliko kile kinachong'aa.

Nondo ya kujengea inatengenezwa ili ibebe zege, na mara nyingi inayeyushwa kutokana na vyuma chakavu vya kila aina. Kiwanda kinaangalia nguvu yake, si ulaini wake mbele ya kisu. Ndani ya nondo moja kisu kinaweza kukuta mahali laini na mahali pagumu. Inafaa kwa ndoano, vigingi, bawaba za mlango. Haifai kwa shafti inayozunguka.

Bolti zina faida moja kubwa: zimeandikwa kichwani. Ile yenye 4.6 au 5.8 ni laini. Yenye 8.8 ina nguvu na bado inakerezwa na mashine ndogo kwa subira. Yenye 10.9 inachosha, na yenye 12.9 ni afadhali kuiacha. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa mara mia inaonyesha nguvu ya kuvuta mpaka kukatika, kwa kipimo cha megapaskali: bolti ya 8.8 inafika 800. Bolti kubwa ya lori yenye 8.8 inaweza kuzaa pini nzuri ya mkokoteni.

Springi za bapa za lori zinapendwa na wahunzi kwa visu na mapanga. Kwa kukereza ni taabu, kwa sababu zimekomazwa. Shafti za magurudumu ya lori nazo mara nyingi ni ngumu nje na laini kidogo ndani. Pete za nje za beringi zisiguswe kabisa. Zitamaliza kisu bila kutoa kitu.

Fimbo inayoingia na kutoka katika silinda ya mafuta ya tingatinga au ya lori la kumwaga mchanga ni mali. Nje imepakwa kromu, tabaka jembamba na gumu sana, lakini ndani mara nyingi ni chuma cha kaboni ya kati, kilichonyooka na safi. Mashine za fotokopi zilizokufa nazo zina fimbo nyembamba ambazo mara nyingi ni za kile chuma rahisi cha viwandani. Watu wanazitupa, na fundi anaziokota. Zinafaa kwa vitu vidogo visivyobeba mzigo.

Kuna vyuma viwili ambavyo fundi huyo hapokei. Cha kwanza ni kitu chochote kilichotolewa relini. Kindu imekua pamoja na reli. Kampuni ya CFL ilimaliza njia ya kilomita 355 kutoka Kindu mpaka Kongolo mwaka wa 1911, na mwaka wa 1915 njia ya kutoka Kabalo ikafika ziwani, mji ambao leo ni Kalemie. Fundi mwenyewe alifundishwa na mzee aliyezeeka katika kazi ya reli. Bolti moja iliyotolewa njiani ni behewa linaloweza kuanguka, na behewa hilo linabeba watu, chumvi na saruji. Tena hata kwa ufundi hakuna faida. Vipande vya pale njia mbili zinapokutana vinaweza kuwa vya chuma chenye manganizi nyingi, kile alichokivumbua Mwingereza Robert Hadfield mwaka wa 1882. Chuma hicho kadiri kinavyopigwa ndivyo kinavyokuwa kigumu, na kisu cha mashine ndogo hakiingii.

Cha pili ni chuma cha vita. Watoto wanaookota mitraye wanaweza kuleta kitu kizuri, kizito, cha mviringo, na kumbe ni kichwa cha bomu au ganda ambalo halijalipuka. Kutu haikiondolei nguvu. Kitu kama hicho hakibebwi, hakigongwi, hakiletwi kwa fundi wala kwa muuzaji wa mitraye. Kinaachwa pale pale, watoto wanaondolewa, mahali panawekwa alama kwa mbali, na chefu wa kijiji au wa mtaa anaarifiwa ili awaite wanaohusika. Familia zinazorudi mashambani mwao zinapaswa kulijua hili kuliko mambo mengine yote yaliyo hapa.

Kupima bila maabara

Ikiwa historia ya kipande haijulikani, kuna njia za kukiuliza chenyewe, na hakuna hata moja inayohitaji mashine ya bei.

Ya kwanza ni tupa. Tupa nzuri ikipitishwa pembeni ikauma na kutoa unga, chuma kinakerezeka. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomazwa. Inafaa kupima nje na pia mahali palipokatwa katikati, kwa sababu vyuma vingi vina ngozi ngumu na moyo laini.

Ya pili ni sumaku. Chuma cha kawaida kinaishika. Kisipoishika, huenda ni kile kisichoshika kutu au kile cha manganizi. Vyote viwili ni vya taabu.

Ya tatu ni cheche. Kipande kinaguswa kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, mahali penye kivuli. Chuma laini kinatoa cheche ndefu, zilizonyooka, zenye matawi machache. Kaboni ikiongezeka, cheche zinapasuka kama maua, nyingi na karibu na jiwe. Fonti, ile ya kumiminwa, inatoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Wanaojifunza wanashauriwa kuweka karibu kipande kinachojulikana, mfano bolti ya 8.8, na kulinganisha. Macho yanalindwa kwa miwani, hata kama ni kwa sekunde tano.

Ya nne ni kujaribu kukereza milimita moja tu na kutazama maranda. Yakitoka mafupi, mambo ni mazuri. Yakitoka kama nyuzi ndefu zinazojizungusha, chuma kinanata, au kisu hakikunolewa vizuri. Nyuzi hizo hazivutwi kwa mkono hata mara moja. Zinakata kama wembe. Mashine inasimamishwa kwanza, halafu zinatolewa kwa ndoano.

Chuma kilichokomaa si lazima kitupwe. Kinaweza kulainishwa. Kinawekwa kwenye makala yanayopulizwa hewa mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena. Hapo kimefika karibu nyuzi 770 za joto. Kinaachwa kipate joto kidogo zaidi, kisha kinafukiwa ndani ya majivu makavu mpaka kesho yake. Kadiri kinavyopoa polepole ndivyo kinavyolainika. Springi ya lori iliyolala katika majivu usiku mzima inakubali kisu asubuhi. Lakini vitu vilivyopakwa zinki au kromu havipelekwi motoni, kwa sababu ya moshi wake.

Mwendo na mafuta

Mashine ndogo haina nguvu ya kulazimisha. Inahitaji mwendo unaofaa. Hesabu ya fundi inakaa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwa chuma laini na kisu cha chuma cha kawaida cha kukatia, 8000 inagawanywa kwa unene wa kipande katika milimita. Kipande cha milimita 20 kinazunguka mara 400 kwa dakika. Kwa chuma cha kaboni ya kati, 6400 inagawanywa vile vile. Kile chepesi cha viwandani kinavumilia hata mara 640 kwa unene huo huo wa milimita 20. Anayekimbiza mashine kupita hapo anachoma kisu, na muda alioutaka kuokoa anaupoteza kwenye kunoa.

Mafuta ya viwandani ya kukatia ni ghali. Kwa kazi ya polepole kama kukata nyuzi za bolti, mafundi wanaweza kutumia mawese, ambayo Maniema haikosi. Mafuta ya mimea yanashika vizuri kati ya kisu na chuma. Ubaya wake ni kwamba yanaganda na kunuka, kwa hiyo mashine inafutwa jioni ile ile.

Na kwa kuwa kazi inafanyika nyumbani: nguo zinazoning'inia, kitambaa cha kiunoni, shanga na glovu havikaribii kitu kinachozunguka. Maranda yanafagiliwa kabla ya watoto kutoka shule. Mikono inaoshwa kabla ya kula, hasa baada ya kukereza chuma chenye risasi.

Walichopewa akina mama

Kwa shafti ya mashine ya kusaga, fundi alichagua fimbo ya silinda ya milimita 30, aliyoipata kwa muuzaji wa mitraye anayemfahamu. Tupa ilionyesha kwamba chini ya kromu hapakuwa na ngozi ngumu. Kisu kiliingia mara ya kwanza chini kabisa ya tabaka la kromu, ili kiibandue badala ya kuikwaruza juu juu. Mashine ilizunguka kama mara 210 kwa dakika. Kazi ambayo kwa chuma rahisi ingechukua saa mbili ilichukua karibu siku nzima, na petroli yake. Kona ilikatwa kwa mviringo.

Akina mama walilipa zaidi ya walivyotarajia, na mmoja wao alisema wazi kwamba kwa feza ile wangekula siku tatu. Fundi hakubishana naye. Aliwapunguzia kwa kuichukua ile nondo, maana inafaa kwa bawaba za milango, na akawapa ushauri wa kubana mkanda wa puli kwa kiasi, kwa kuwa mkanda uliobanwa mno unaipinda shafti kila inapozunguka. Ushauri huo haukuwagharimu kitu, na huenda unasaidia kama shafti yenyewe.

Kijana anayejifunza aliuliza mwishoni kama kuna siku ambapo chuma rahisi ndicho chuma sahihi. Zipo, tena nyingi. Mpini wa kinu cha kahawa, kitufe cha mlango, pete ya kutenganisha gurudumu la kinga, kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa: vyote hivi havibebi uhai wa mtu. Hapo hakuna sababu ya kutesa mashine. Anayeanza kujifunza naye aanze na chuma rahisi, azoee mkono, aone uso mzuri ukitoka, asikate tamaa. Kosa ni kupeleka mazoea hayo kwenye shafti ya mtumbwi wa injini, ambayo ikivunjika katikati ya Lualaba mtumbwi umejaa, maji hayasubiri fundi.

Kwa familia inayopeleka kitu kutengenezwa, Kindu au popote walipohamia, mambo manne yanatosha. Wasitupe kipande kilichovunjika. Wakipeleke chote, kwa sababu kinaeleza sababu. Waseme kitu kinafanya kazi gani, kwa saa ngapi, na kinabeba nini. Wasinunue chuma sokoni kabla ya kumwuliza fundi. Na wakiambiwa bei, waulize chuma kilitoka wapi. Fundi anayejua atajibu mara moja: lori gani, mashine gani, bolti yenye namba gani. Asiyejua ataonyesha jinsi kinavyong'aa.